Firigisi ya Wageni

Niliila firigisi. Afadhali niseme mapema, kabla msomaji hajaanza kunionea huruma. Wageni walisafiri kwa treni kutoka magharibi kuja kuniangalia kama nafaa kuolewa na mtoto wao, wakaketi nyumbani kwangu Bondeni, mtaa wa Nakuru, kwenye viti vya kuazima, na mimi, mpishi na mchumba, nilikuwa nimekwisha kusimama jikoni na kula kile kinofu kimoja cha kuku ambacho kwao mwanamke hakigusi. Sikuila kwa siri wala kwa ubaya. Niliila kwa raha, huku nikipuliza vidole kwa sababu ilikuwa ya moto.

Miaka hiyo kazi yangu ilikuwa kugeuza kola. Kazi hii imekufa, basi nieleze. Shati la karani huchakaa kwanza shingoni, pale linapougua kwa jasho na ndevu. Unaifumua kola, unaleta nje ule upande uliokuwa ndani, unashona tena, na karani anarudi ofisini kama mtu aliyenunua shati jipya. Nakuru ya miaka ya hamsini ilijaa makarani, na makarani walijaa kola. Sikuhitaji kutoka nje, watu waliniletea shingo zao mlangoni. Hilo lilinifaa sana. Wengine huzaliwa na miguu ya kutembea, mimi nilizaliwa na makalio ya kuketi.

Cherehani nilipewa na baba. Nikisema baba, nasema Mhindi mmoja aliyekuwa na duka Gilgil, akaishi na mama yangu, Mkikuyu aliyekuwa akimpikia, mpaka mke wake aliposhuka meli kutoka kwao na watoto. Hapo mimi na mama tulihamishiwa Nakuru pamoja na ile cherehani, kama vyombo vya zamani vinavyopisha vipya. Baadaye naye alihamia Nakuru, akafungua duka la vitambaa mtaa wa Wahindi, na uzi wangu nilinunua kwake.

"Nataka nini, mama?" alikuwa akiniuliza kwa kile Kiswahili chao, mkewe akiwa ameketi nyuma yake.

"Uzi mweupe."

Ananipa uzi mweupe. Siku moja tu alijisahau, akaniuliza, "Mama yako mzima?" Halafu akaanza kukohoa kikohozi kirefu ambacho hakikuwa na mafua hata kidogo.

Shule nayo ilikuwa hivyo hivyo. Shule ya Waafrika ilisema mimi ni wa shule ya Wahindi. Shule ya Wahindi ikasema hapana, huyu apelekwe kwa masista. Masista wakasema Mungu haangalii rangi, wakaniweka dawati la mwisho ili Mungu asisumbuke. Nilifika kidato cha pili. Nilichopenda zaidi ni hesabu za sehemu, maana huko nusu ni namba kama namba nyingine. Mtaani nusu ilikuwa mimi. Chotara, nusu-nusu, mtoto wa duka. Majina nilikuwa nayo ya kutosha watu watano.

Wakati wa kiangazi kikali ziwa la Nakuru lilikauka kingo, na alasiri upepo ulibeba vumbi la magadi ukalimwaga juu ya mji mzima. Mzungu, Mhindi, Mluo, punda, sote tukawa weupe kama waliotumbukia kwenye gunia la unga. Wenzangu walilaani. Mimi siku zile ndizo nilizokwenda sokoni, bila mtu kunitazama mara mbili. Halafu watu walinawa.

Ikaja Hali ya Hatari, wakati wa Mau Mau. Asubuhi moja Wakikuyu wa mtaa wetu walipakiwa kwenye malori ili warudishwe kwao, na mama yangu miongoni mwao, ingawa huko "kwao" hakuwa amefika tangu alipokuwa msichana. Nami nilipanda. Nilikuwa na furushi langu na mto wa kulalia. Askari akanitazama uso, akanitazama nywele, akasema, "Wewe si wa hawa. Shuka."

"Ni mtoto wangu," mama akasema.

"Mama, usinichezee. Huyu? Shuka, wewe."

Nikashuka. Wengi wangetoa sadaka kuambiwa washuke lori lile. Mimi nilisimama barabarani nimekumbatia mto, na mama, badala ya kuniaga, alinipigia kelele lori likiondoka kwamba nisisahau kufunika maharagwe. Nilikwenda nikayafunika. Baadaye alinitumia salamu kwa mtu kwamba yuko kwa kaka zake, na nisijaribu kumfuata, kwa sababu kaka zake walikuwa wameanza kuuliza mtoto wa Mhindi atalima shamba la nani.

Niliyebaki naye ni jirani, mama wa Kinubi, mjane, mkubwa kuliko mama yangu. Kutwa alikuwa mlangoni mwake akisuka vifuniko vya sinia vya rangi nyingi, maana ndani mwake mlikuwa giza kama ndani ya mtungi. Wazee wake waliletwa huku na jeshi kutoka Sudani. "Nimezaliwa hapa, nitazikwa hapa," alikuwa akisema, "na kila mtu ananiuliza nitarudi lini." Ulimi wake ulikuwa pilipili. Lakini jioni alikuwa akinipitishia juu ya ua kipande cha gurusa, ule mkate wao laini, mwembamba kama chapati, bila neno, kama mtu anayetupa taka.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiishi alipokuja yule karani.

Alikuwa karani wa bohari ya mizigo pale stesheni, Mluhya, akikaa kwenye landi, zile nyumba za safu za wafanyakazi wa reli. Nilimjua kwanza kwa shingo. Ilikuwa ndefu, yenye heshima, na iliharibu kola upesi. Sasa kola hugeuzwa mara moja tu, baada ya hapo pande zote mbili zimekwisha. Mashati yake yalipokwisha kugeuzwa yote, aliendelea kuja.

"Leo umeleta nini, bwana karani?"

"Kifungo."

"Hiki? Mbona hakijalegea?"

"Kitalegea tukiongea."

Nikamwambia cherehani haishoni maneno. Akasema basi aweke maneno pembeni, akae tu. Akakaa. Kwa miezi mingi mtu alikaa nyumbani mwangu na mimi sikutaka aondoke, jambo ambalo halikuwa limenipata tangu lile lori.

"Kwa nini hutoki?" aliniuliza siku moja. "Nakuru ni mji mzuri. Twende hata stesheni uone treni."

"Nikitoka nani atakufungulia?"

Alicheka. Halafu akasema, akiangalia kifungo, "Nimewapelekea watu wa nyumbani habari."

"Habari za nini?"

"Zako."

"Umewaambia mimi ni nani?"

"Nimewaambia wewe ni fundi."

"Bwana karani, fundi si kabila."

"Watakuja. Watajionea wenyewe."

Nilipaswa kuogopa pale pale. Badala yake nilianza kupima madirisha kwa ajili ya mapazia mapya.

Waliokuja ni wawili: baba yake mkubwa, maana baba mzazi alikuwa amefariki, na shangazi yake. Nilinunua jogoo. Jirani akatafuta mtu wa kumchinja, akaniazima viti na kifuniko chake kizuri kabisa cha sinia, akanipa na shauri: "Onja. Usiwapelekee wageni chumvi kama dawa ya minyoo." Kisha akarudi kwenye kazi yake, akasema mambo ya wakwe hayamhusu.

Sasa nieleze juu ya firigisi. Kwetu kuku alichinjwa Krismasi, na walaji tulikuwa wawili. Mama alikuwa na desturi yake mwenyewe. Kabla hajapakua, aliichomoa firigisi kwenye sufuria, akaipuliza, akanitia mdomoni hapo hapo jikoni na kusema, "Hii ni ya mwenye nyumba." Mwenye nyumba nilikuwa mimi, sijaanza hata shule. Alifanya hivyo hata nilipokuwa mkubwa, hata Krismasi ya mwisho kabla hawajamchukua. Basi jogoo yule alipochemka, mvuke ukanipiga usoni, na sijui ni nini kilinipata. Niliichomoa. Nikaipuliza. Nikasema kwa sauti, na hakuna mtu jikoni, "Hii ni ya mwenye nyumba."

Ilikosa chumvi kidogo. Nikaongeza kwenye mchuzi na kupeleka chakula.

Baba mkubwa alikuwa mzee mtaratibu, kofia yake ameiweka gotini kama paka. Shangazi alikuwa na gauni pana na macho ya mnunuzi. Karani aliketi kati yao amevaa shati nililoligeuza mwenyewe. Tukanawa, tukaomba, ugali ukakatwa. Mzee akavuta bakuli la kuku karibu, akaanza kukoroga kwa kijiko. Alikoroga hivi, akakoroga vile. Akainua paja, akatazama chini yake, akalirudisha.

"Binti," akasema, "huyu kuku alikuwa mzima?"

"Mzima kabisa, mzee. Asubuhi aliwika mpaka majirani wakalalamika."

"Mahindi alikuwa anakula?"

"Alikula vizuri."

"Akayasaga na nini?"

Sikuelewa. Nilimtazama karani, naye alikuwa na macho ya mtu anayeona treni mbili kwenye reli moja.

"Anauliza imondo," shangazi akasema. "Firigisi. Ya mzee. Iko wapi?"

"Ah," nikasema. "Niliila."

Mzee akakiweka kijiko chini.

"Ilikuwa tamu?" mzee akauliza, bila hasira, kama mtu anayeuliza habari za ndugu aliyemkosa kidogo tu njiani.

Mwenye akili hapo angepiga magoti. Mimi nina mdomo unaotangulia kichwa. "Ilikosa chumvi kidogo, mzee," nikasema.

Karani alicheka. Hilo sitamnyang'anya kamwe. Alicheka mara moja, kwa sauti, kabla hajakumbuka amekaa upande gani.

Shangazi hakucheka. "Mama yako hakukufundisha firigisi ni ya nani?"

Nilitaka kumwambia alinifundisha vizuri mno. "Mama alirudishwa Kikuyuni, shangazi."

"Na wewe mbona hukurudishwa?"

"Walisema mimi si wao."

"Na baba?"

"Ana duka la vitambaa mtaa wa Wahindi."

"Basi aitwe, wazee waongee."

"Hawezi kuja, shangazi."

"Hawezi, au hataki?"

Shangazi hakungoja jibu. Akamgeukia mzee, akasema kwa Kiswahili ili nami nisikie, "Sasa ng'ombe tutampelekea nani? Tukawafunge mlangoni kwa Mhindi, wale vitambaa?"

Mzee akainua mkono kumnyamazisha. "Binti, hatuulizi kwa ubaya. Kwetu ukoo unaulizwa ili mtu asije akaoa dada yake."

"Kwangu hiyo hatari haipo, mzee."

"Naona," akasema, akizitazama nywele zangu.

Walikula. Waliniambia ahsante. Walisifu kifuniko cha jirani. Walipoondoka nilikaa kwenye kiti cha mzee nikatazama bakuli, na paja la kuku lilikuwa pale pale alipolirudisha.

Kesho yake adhuhuri karani alipita mbio, hakuketi. "Wanasema ni firigisi."

"Firigisi tu?"

"Wanasema mwanamke akiwalia wageni firigisi yao, kesho atamla mume."

"Lakini ni hiyo tu? Hakuna kingine?"

"Ndivyo wanavyosema." Alikuwa akizungusha kile kifungo chake. "Wanaondoka na treni ya jioni."

Sijawahi kufurahi vile. Firigisi! Kumbe kinachonitenga na watu wale ni kitu cha ukubwa wa kidole gumba, na sokoni kinapatikana ndani ya kila kuku. Nikanunua mwingine, tetea safari hii, maana jogoo walikuwa wamekwisha. Nilimpika kwa chumvi ya uhakika, nikamweka kwenye sufuria yenye mfuniko, firigisi juu ya yote katikati kama mfalme, nikaifunga kwa kitambaa na kutoka nje.

Jirani akainua macho. "Unakwenda wapi na sufuria?"

"Stesheni."

"Wewe? Stesheni?" Akaacha kusuka.

Nilikuwa sijafika stesheni kwa muda mrefu hata nikasahau inavyogawa watu. Nilielekea mwisho wa jukwaa, kwenye mabehewa ya daraja la tatu, na mtu wa reli mwenye kofia akanizuia. "Dada, lenu ni la pili. Mbele kule."

"Natafuta watu walio la tatu."

"La tatu ni la Waafrika. Nenda mbele, usinitie matatani."

Nikaenda mbele. Huko familia za Kihindi zilikuwa zimeketi juu ya masanduku yao, na mama mmoja alipoona rangi yangu na sufuria yangu alimvuta mtoto wake karibu, polepole, kwa adabu. Mkagua tiketi, naye Mhindi, akanijia. "Wewe tafuta nini hapa? Ayah wa nani?"

"Mimi si yaya wa mtu."

"Basi toka. Rudi nyuma."

Nikarudi nyuma. Yule wa kofia akaniona tena, akafungua mikono kama mtu anayezuia kondoo. Treni ikapiga honi. Sufuria ilikuwa inaniunguza tumbo. Hapo ndipo nilipomwona baba mkubwa dirishani, na mimi, ambaye hata salamu huitoa kwa sauti ya kitandani, nilipiga kelele mbele ya Nakuru nzima, "Mzee! Firigisi!"

Watu walicheka mpaka daraja la kwanza. Nikapita chini ya mkono wa yule wa kofia, nikainyoosha sufuria dirishani. Mzee akaipokea. Akafungua kitambaa, akainua mfuniko, akachukua firigisi kwa vidole viwili. Aliila taratibu, akinitazama. Shangazi pembeni yake alitazama mbele.

"Hii ina chumvi," mzee akasema.

Treni ikaondoka. Ilikwenda na sufuria yangu, na mimi sikujali. Nilirudi Bondeni kwa miguu nikipita katikati ya barabara. Si alikula? Nilimwona kwa macho yangu akitafuna na kumeza.

Nikangoja. Niliyamaliza yale mapazia. Kila nikisikia hatua mlangoni, ilikuwa kola ya mtu mwingine. Majuma yakapita, na nikaanza kufikiri mvua imekata njia, au mzee anaugua, au sufuria imesahauliwa ndani ya behewa na wanaona haya kuja bila hiyo.

Karani alikuja siku ya Jumapili. Alikuwa na sufuria yangu. Ilikuwa imesuguliwa kwa mchanga mpaka inang'aa kuliko ilivyotoka kiwandani, na kitambaa changu kimefuliwa, kimekunjwa juu yake.

Kwetu Bondeni, na kwao pia, na hata kwa Wahindi, chombo cha mtu hakirudi kitupu. Ukirudisha bakuli la jirani unatia hata yai, hata konzi ya chumvi. Nilipoipokea nilijua kwa uzito. Lakini mimi ni mjinga wa kuthibitisha, nikainua mfuniko. Niliona uso wangu chini, umetandazwa.

"Wanasema kuku alikuwa mtamu," karani akasema.

"Halafu?"

"Wanasema firigisi ile haikuwa ya yule jogoo wa kwanza."

Nilikaribia kucheka, kwa sababu ilikuwa kweli. Ni maneno ambayo huwezi kuyajibu. "Na wewe unasemaje?"

Aligusa kola yake. Alikuwa amevaa shati jipya, halijageuzwa. "Mimi ni mtoto wa watu," akasema.

Alisema kwa upole, na sidhani alijua amesema nini. Alisimama kidogo, kama anayesubiri kifungo chake. Kisha akaenda, shingo ile ndefu ikienda juu ya ua wa jirani, juu ya ua wa pili, mpaka kona. Baadaye nilisikia ameoa msichana wa kwao. Sikumuuliza aliyeniambia kama anajua kupika.

Niliichukua sufuria nikaenda kwa jirani. Nilimkuta pale pale mlangoni, vidole vikienda, ukili mwekundu umepita juu ya ule wa kijani. Nikasimama mbele yake nikaanza kueleza. Nilimweleza ya jogoo na ya tetea. Nikamwambia pengine kosa lilikuwa ni kupika tetea, pengine ilipasa jogoo kwa jogoo. Pengine ningengoja mzee ashuke treni, kumlisha mtu mzima dirishani si heshima. Nikamwambia nafikiri nimtumie nyingine, iliyokaushwa vizuri, kwa mtu anayekwenda upande ule, pamoja na maneno ya kuomba radhi. Nilieleza mpaka sauti ikanikauka, na sufuria bado nimeikumbatia kama ule mto.

Hakuinua kichwa mpaka nilipomaliza.

"Wewe mtoto," akasema, "wale hawakukosa firigisi, walikutazama wakakosa mahali pa kukuweka. Sasa ondoka hapo mlangoni, unanizibia mwanga."